Ukuta wa Mawe Usiolala Masika

Ukuta mfupi wa mawe unaoshikilia udongo wa bustani una adui mmoja anayewatangulia wengine wote, naye ni maji yaliyokwama nyuma yake. Kwenye miteremko ya Riat juu ya Kisumu, kule Maragoli, Kisii na hata Njoro, kuta zinazoanguka mvua ya masika ikikolea huanguka mawe yake yakiwa mazima. Mara nyingi hata simiti bado imeshika, na vipande vikubwa vikubwa vimelala kifudifudi juu ya sukuma wiki. Fundi hulaumiwa kwamba alipunja simiti. Ukuta mpya hujengwa kwa simiti nyingi zaidi, ukazibwa vizuri kuliko ule wa kwanza, na baada ya masika mawili matatu nao unalala.

Hesabu yake si ngumu. Ukuta wenye kimo cha sentimita 75, udongo wa nyuma ukijaa maji hadi juu, husukumwa na maji peke yake kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 280 hivi kwa kila mita ya urefu. Ukuta wa mita 10 basi unabeba msukumo wa karibu tani tatu, na hapo udongo wenyewe bado haujahesabiwa. Maji yakipewa pa kutokea, hizo tani tatu hazipo.

Ndiyo sababu kwa bustani tunapendekeza ukuta mkavu, yaani mawe yaliyopangwa juu ya mawe bila simiti hata kidogo. Kila mwanya kati ya mawe ni mlango wa maji. Ardhi ikititia kidogo, mawe hutitia nayo yakajikaza upya, ilhali ukuta wa simiti hauna la kufanya ila kupasuka. Ushahidi uko karibu nasi. Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, ni boma la kuta zilizopangwa bila chokaa wala simiti, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa wastani wa mita moja. Zimesimama tangu karibu karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ililiweka boma hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Anayetaka kujifunza kupanga mawe na aende akazitazame kwa makini. Ataona nyuso mbili, ya nje na ya ndani, zimepangwa kwa mawe yaliyochaguliwa, na katikati mawe madogo yamekazwa kujaza nafasi. Kazi ya bustani ni ndogo zaidi, lakini kanuni ni hizo hizo.

Maelezo yanayofuata ni ya ukuta usiozidi sentimita 90. Ukifika mita moja na kuendelea, au ikiwa juu ya ukuta kutapita gari, kutakaa nyumba au tangi la maji, mwite mhandisi. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano juu ya udongo ule ule unaotaka kuushikilia.

Ardhi inayobeba

Udongo mwekundu wa Kakamega, Vihiga na Kisii ndio wenye upole kwa mjenzi. Ukivuka tabaka la juu lenye mizizi, kwa kawaida sentimita 30 zinakufikisha mahali pagumu. Pima kwa nondo ya milimita 12: isukume kwa mikono yote miwili bila kuigonga. Ikizama urefu wa kiganja, hapo bado hujafika.

Uwanda wa Kano ni habari nyingine. Udongo mweusi wa Ahero na Nyando hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na wakati wa kiangazi nyufa zake humeza mkono mzima. Ukuta wowote juu yake hupanda na kushuka kila msimu. Chimba hadi sentimita 60, utoe udongo huo wote, urudishe maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe wa barabarani, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikinyunyiziwa maji kiasi na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Hata hivyo usipandishe ukuta zaidi ya sentimita 60. Na udongo mweusi uliotoa usiurudishe nyuma ya ukuta, kwa sababu ukifura utausukuma ukuta kwa nyuma kama ambavyo ungeusukuma kwa chini.

Nakuru shida yake ni wepesi wa ardhi. Majivu ya volkano huchimbika kwa raha na hukauka upesi, lakini chembe zake ni nyepesi mno: maji huzibeba kidogo kidogo kupitia mianya ya ukuta hadi nyuma kukabaki pango ambalo hulioni mpaka mguu uzame. Huko kitambaa cha kuchujia, ambacho tutakifikia, si hiari. Nakuru pia inajulikana kwa ardhi kupasuka baada ya mvua kubwa. Ukiona bonde jembamba lililonyooka shambani, au mahali udongo unapozama kila mwaka hata ukijazwa, peleka ukuta pengine.

Kabla ya jembe la kwanza, hakikisha ukuta mzima, pamoja na kokoto za nyuma yake, uko ndani ya shamba lako. Bikoni, yaani alama ya mpaka, isiguswe.

Mawe

Maseno, Seme na Maragoli zina granaiti, jiwe la aina ile ile iliyosimama Kit Mikayi. Ni jiwe gumu na zito, halichoki, lakini mara nyingi huwa na umbo la kiazi. Pande za Kisumu kuna fonolaiti, jiwe jeusi linalopasuka vipande bapa. Kwa ukuta mkavu hakuna jiwe tunalolipenda zaidi ya hilo, maana kila kipande huja na kitako na kichwa tayari. Nakuru wengi hutumia jiwe laini la majivu yaliyoshikana, lililokatwa kwa mashine inchi 9 kwa 9. Hilo hupangika haraka na kukaa sawa bila jasho, ila hunywa maji. Kozi mbili za chini, yaani safu mbili za kwanza za mawe, zinazogusa udongo wenye unyevu mwaka mzima, huanza kumeguka. Ukilitumia, weka jiwe gumu chini na hilo laini juu. Mawe ya mtoni, yaliyo laini na mviringo, waachie mto. Hayashikani bila simiti, hata ukiwa na mikono ya dhahabu.

Granaiti nyingi ya Magharibi hupasuliwa kwa moto: kuni huwashwa juu ya mwamba, jiwe likipata joto hupasuka, kisha nyundo humalizia. Njia hiyo huacha nyufa za ndani zisizoonekana. Gonga kila jiwe kubwa kwa nyundo kabla ya kulilipia. Jiwe zima hulia kwa sauti kali inayorudi mkononi. Lenye ufa hujibu kwa sauti butu. Lenye sauti butu linafaa kwa kujaza katikati, halifai kubeba.

Usiagize "hadikoo lori moja", yaani mawe ya kujengea msingi, kwa simu. Utaletewa mawe ya ukubwa mmoja, na ukuta hauwezi kufungwa na mawe ya ukubwa mmoja. Nenda kwari mwenyewe, uonyeshe unachotaka: theluthi moja iwe mawe makubwa ya sentimita 40 hadi 60, nusu iwe ya sentimita 20 hadi 35, na yaliyobaki yawe vipande vya ngumi kwenda chini. Humo humo tenga mawe marefu yasiyopungua kumi, ya sentimita 55 au zaidi, na mawe bapa ya kutosha kufunika urefu wote wa ukuta juu.

Tuchukue ukuta wa mita 10 wenye kimo cha sentimita 75 kinachoonekana na sentimita 15 chini ya ardhi. Chini unene uwe sentimita 55, juu 40, uso wa mbele ukiegemea nyuma. Ujazo wake ni mita za ujazo 4.3. Toa robo ya mianya, ubaki na jiwe tupu la mita za ujazo 3.2, ambalo kwa granaiti ni tani 8.5. Agiza tani 10. Ziada hiyo si hasara, ndiyo inayokupa uhuru wa kuchagua, na mawe yanayobaki daima yana kazi. Kokoto za inchi robo tatu utahitaji mita moja ya ujazo kwa msingi na mbili na robo kwa nyuma ya ukuta, jumla kama tani tano. Udongo utakaotoka kwenye mtaro wa msingi ni karibu mita mbili za ujazo, na ukishachimbuliwa hufura, kwa hiyo tayarisha pa kumwaga wilibaro 40 hivi.

Mawe yakifika, yasimwagwe rundo moja. Yatandaze kwenye nyasi umbali wa mita moja na nusu kutoka kwenye mtaro, makubwa karibu, madogo mbali, nyuso zao zikionekana. Anayetafuta jiwe ndani ya rundo hupoteza nusu ya siku na kuamsha nge. Vaa glavu na buti ngumu, na miwani unapochonga. Jiwe linalozidi kilo 40 liinuliwe na watu wawili au lisogezwe kwa mtaimbo.

Usawa huanzia kwenye mpira

Jicho halipimi usawa mahali penye mteremko. Ua wa jirani, mstari wa paa, hata matuta ya viazi hulivuta. Pima maji ya fundi nayo inafaa kwa jiwe moja au mawili, lakini ukiisogeza mara kumi kwa urefu wa mita 10, kosa dogo la kila hatua linajumlishwa, na mwishoni unatofautiana kwa sentimita kadhaa. Kinachotoa usawa wa kweli ni mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, wa nusu inchi, mita 12, uliojaa maji.

Ujaze kwa kuzamisha ncha moja kwenye ndoo iliyo juu na kuyavuta maji kwa ncha ya pili, yaendelee kutiririka mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja lililojificha katikati linaharibu kipimo chote, kwa hiyo upitishe mpira mbele ya macho yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Piga kigingi kila mwisho wa ukuta. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kigingi cha kwanza, wa pili ashike ya pili, na wote wawili waondoe vidole gumba mdomoni mwa mpira. Hapo ndipo wengi wanapokosea: ncha ikizibwa, maji hayatulii mahali pa kweli. Subiri yaache kucheza. Uso wa maji ndani ya mpira una kipinda kidogo. Weka alama usawa wa sehemu ya chini ya kipinda hicho, pande zote mbili. Alama hizo mbili ziko sawa, hata kama kati yao kuna kichuguu.

Alama hiyo iite kimo cha juu cha ukuta, kisha upime kwenda chini. Hapo ndipo utakapogundua ardhi inashuka kiasi gani. Ikishuka sentimita 40 kwa mita 10, usiufanye msingi ufuate mteremko. Ukate vidato viwili vya sentimita 20, kila kidato kikiwa sawa kabisa, na kimo chake kilingane na kozi moja ya mawe. Ukuta uliojengwa juu ya msingi ulioinama hutambaa kuelekea chini, polepole, na kila jiwe humsukuma mwenzake.

Mtaro uwe na upana wa sentimita 65 na kina cha 30. Nyuma yake, kata ukingo wa udongo uache nafasi ya sentimita 30 kwa kokoto. Kitako cha mtaro kiinamie kidogo upande wa mlima, sentimita 4 hivi kutoka mbele hadi nyuma, ili ukuta mzima uanze maisha yake ukiegemea mzigo wake. Mwaga kokoto kwa tabaka mbili na kila moja uishindilie, mpaka ufikishe sentimita 15.

Sasa simamisha fremu mbili za mbao, moja kila mwisho. Kila fremu ina mti uliosimama wima kwa timazi (uzi wenye kizito mwishoni) na mwingine uliolala kuelekea mlimani kwa sentimita 15 katika kimo cha sentimita 90. Huo ndio mwinamo wa uso. Funga uzi wa nailoni kati ya miti iliyoinama, na uupandishe kila kozi inapokamilika. Kwa mita 10 uzi hulegea katikati hata ukiuvuta sana, basi weka fremu ya tatu katikati. Na jambo hili tunalisisitiza: jiwe lisiguse uzi. Acha nafasi ya unene wa sarafu. Jiwe moja likiusukuma uzi nje, linalofuata litaufuata uzi uliosukumwa, na ukimaliza kozi utakuta ukuta una kitambi ambacho hakuna aliyekikusudia.

Kupanga

Kozi ya kwanza inastahili mawe makubwa kuliko yote na muda mrefu kuliko wote. Jiwe likizidi wenzake kwa kimo, usilichonge na usiliache lichomoze: chimba kokoto chini yake lizame. Lisimame imara kabla hujaligeukia la pili. Likanyage kona zote nne, na kama linacheza hata kidogo, litaendelea kucheza chini ya tani nane.

Chukua jiwe moja uone linavyokaa. Lina urefu wa sentimita 40, upana wa 25, unene wa 18. Mkono usiozoea hulilaza kwa urefu wake kando ya ukuta, maana uso mrefu unapendeza na kazi inaenda mbio. Ligeuze. Urefu uingie ndani ya ukuta, upana wa sentimita 25 ndio uonekane mbele. Sehemu pana na bapa iwe chini. Uso wa juu uinamie nyuma kidogo, usiinamie mbele kamwe. Sasa libonyeze kona ya kulia ya mbele. Kona ya kushoto ya nyuma inainuka milimita chache. Tafuta kabari, kipande kigumu chenye umbo la jino, ukiingize kwa nyuma chini ya kona ile inayoinuka, ukigonge mpaka jiwe linyamaze. Kabari haingizwi kwa mbele. Ya mbele hutoka yenyewe mvua na jua vikibadilishana, na ikitoka jiwe lililokuwa juu yake limebaki hewani.

Kila jiwe likae juu ya mawili na kila mawili yafunikwe na moja. Ukisimama mbali na kuona mshono wima unaopita kozi tatu, bomoa hapo mara moja, leo, kwa sababu ukuta utafunguka kwenye mshono huo.

Katikati, nyuma ya mawe ya mbele, jaza vipande vidogo kimoja kimoja kwa mkono, ukivikaza. Usimwage kwa sepetu. Usijaze kokoto ndogo wala udongo. Udongo huoshwa, kokoto hutiririka kwenda chini na kusukuma nyuso mbili zitengane. Kazi hii haionekani ukuta ukikamilika, na ndiyo mafundi wenye haraka hukwepa. Ukimlipa fundi, mlipe kwa siku, usimlipe kwa mita, ili asilazimike kuikwepa. Mita mbili za mraba za uso kwa siku kwa mtu mmoja na msaidizi ni mwendo mzuri.

Ukifika kimo cha sentimita 40 hivi, weka yale mawe marefu uliyotenga, moja kila mita. Kila moja lipite unene wote wa ukuta na mkia wake uingie kwenye kokoto za nyuma. Haya ndiyo yanayoufunga uso na mgongo viwe kitu kimoja. Bila hayo una kuta mbili nyembamba zilizoegemeana.

Kozi za katikati hazilazimiki kuwa na mstari ulionyooka kama tofali. Mawe ya asili hayana kimo kimoja, na kuyachonga yote yawe sawa ni kupoteza jiwe na nguvu. Rudisha usawa kila baada ya sentimita 30 za kimo, na uweke bidii yako yote kwenye kozi ya mwisho, kwa kuwa jicho la mgeni husoma mstari wa juu.

Njia ya maji

Nyuma inajengwa pamoja na mbele, kozi kwa kozi. Anayemaliza ukuta kwanza kisha akamwaga kokoto zote kwa siku moja huusukuma ukuta wake mwenyewe kabla mvua haijafika.

Anza kwa kutandika kitambaa cha kuchujia kwenye ukingo wa udongo uliokatwa, kianzie chini kabisa na kibaki na mkia wa kutosha kufunika kokoto juu. Madukani huuzwa kwa mita. Magunia ya plastiki yaliyofumwa yaliyofumuliwa mshono hutumiwa na wengi na ni bora kuliko kukosa, lakini kwenye udongo wa mfinyanzi huziba upesi. Gunia la mkonge huoza.

Chini, nyuma ya kozi ya kwanza, laza bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakiangalia chini, likishuka sentimita moja kwa kila mita. Bomba lazima litokee mahali peupe, mwisho wa ukuta au mbele yake, penye mteremko. Bomba linaloishia ndani ya udongo ni kisima. Funika mdomo wake kwa wavu wa chuma ili panya wasifanye makao. Kisha kokoto safi zisizo na vumbi, unene wa sentimita 30, zipande na ukuta hadi zibaki sentimita 15 za juu. Kunja kitambaa juu ya kokoto, ndipo urudishe udongo wa kupandia.

Kama juu ya bustani kuna paa au uwanja unaomwaga maji, chimba mfereji wa kukinga mita moja juu ya ukuta, upana sentimita 30, kina 20, uyapeleke maji pembeni. Sehemu za Kakamega hupata hadi milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji ya paa zima yakielekezwa nyuma ya ukuta, hakuna bomba la inchi 4 litakaloyamudu masika yote.

Juu, funika kwa mawe bapa yenye unene wa sentimita 10 hadi 15 na upana wa kufika mbele na nyuma. Uzito wake ndio unaotuliza kozi zilizo chini, na watoto watakaa hapo, wapende wasipende wazazi. Rudisha mpira wa maji, hakikisha alama zile mbili, vuta uzi mpya, na upange mawe ya juu kwa kufuata uzi huo tu. Mawe ya juu yanayotikisika yakazwe kwa kabari kati yao, ukianzia kwenye ncha na kuja katikati.

Ukitaka simiti

Kuna anayeishi karibu na barabara, mawe mepesi huibiwa, au mawe aliyonayo ni viazi vitupu. Basi jenga kwa simiti, lakini usiache njia ya maji. Kokoto, kitambaa na bomba vibaki vile vile, na juu yake uongeze vipande vya bomba la inchi 2 vinavyotoboa ukuta kila mita moja na nusu, sentimita 10 juu ya ardhi ya mbele, vikiinamia nje.

Mchanganyiko ni simiti moja kwa mchanga minne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo mchanga wake ni lita 140, na wilibaro ya kawaida ya lita 60 iliyosawazishwa inaingia mara mbili na theluthi. Wilibaro nne zilizorundikwa kwa mfuko mmoja, kama inavyofanyika kwenye kazi nyingi, si moja kwa nne. Ukuta wetu wa mita 10 utakula mifuko 11 hivi. Mawe yaoshwe udongo, na yale laini ya Nakuru yaloweshwe kwanza, la sivyo yatanyonya maji ya simiti kabla haijashika. Mchanganyiko uliokaa saa mbili utupwe. Kuuongezea maji ni kujidanganya. Mwagilia ukuta siku saba, ukiufunika kwa magunia.

Na msingi wa simiti hautaki kabisa ardhi inayocheza. Ahero usijaribu bila zege lenye nondo.

Baada ya mvua ya kwanza

Usipande mparachichi, mkaratusi wala mgrevilea karibu na ukuta. Acha mita tano. Mchaichai kwenye ukingo wa juu unafaa sana, mizizi yake hushika udongo bila kuinua jiwe. Viazi vitamu navyo vinaweza kuning'inia mbele, ila vitaficha dalili.

Dalili ya kwanza ya taabu ni kitambi katikati ya kimo. Shika uzi wima kwa timazi mbele ya ukuta kwenye fremu tatu za zamani, upime umbali hadi uso, uandike. Rudia baada ya masika. Kusogea milimita tano hivi ni mawe kujikaza. Sentimita tatu mahali pamoja maana yake nyuma kuna maji au katikati hakukukazwa, na sehemu hiyo ibomolewe hadi chini, mita moja kila upande wa kitambi, ijengwe upya. Uzuri wa ukuta mkavu ni kwamba mawe yote yanatumika tena na hakuna simiti ya kuvunja.

Siku ya mvua kubwa ya kwanza, nenda kwenye mdomo wa bomba. Maji meupe yakitoka, hata kama ni uzi mwembamba, kila kitu kinafanya kazi. Yakitoka na matope kwa saa moja kisha yakatakata, hayo ni mavumbi ya kokoto. Matope yakiendelea siku ya pili na ya tatu, kitambaa kimeacha mwanya na udongo unahama: tafuta mahali ambapo udongo wa juu umebonyea, fukua hapo mpaka kwenye kitambaa, ukibandike kipande kingine kinachopishana na kile cha zamani kwa sentimita 30. Na kama nyuma kumelowa chapachapa lakini bomba ni kavu, limeziba au limelazwa likipanda. Pitisha mpira wa maji wenye nguvu kutokea mdomoni. Mpira huo usipolifungua bomba, ondoa kokoto za mita ya mwisho na ulilaze upya sasa, kabla udongo wa juu haujapandwa.